Mashine Ikiwa Bado Baridi

Wiki mbili zilizopita Mumo, mtoto wa dada yangu, alinipigia simu kutoka Nairobi kuniuliza jambo ambalo sikutarajia kuulizwa tena hapa duniani. Amenunua mashine ya kuchezea santuri, kama wanavyofanya vijana wa siku hizi wenye kazi za kompyuta na muda wa kupoteza, na sasa yeye na wenzake wanabishana kwenye simu kutwa nzima: je, mashine ya santuri inafaa kupashwa moto kwanza, izunguke bure nusu saa, ndipo sauti itoke inavyotakiwa, au hiyo ni imani tu ya wazee? "Aunty, si wewe uliwahi kufanya kazi kwa duka la santuri?" akaniuliza. Nikamwambia inategemea mashine, na zaidi inategemea nani anaiwasha. Akacheka sana, akaniambia ataandika jibu hilo awapelekee wenzake. Mimi sikucheka. Nilikata simu nikarudi kuchambua ndengu zangu.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo ukaingia ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la kwaya yetu ya zamani, kundi ambamo Kalondu, rafiki yangu wa ujana, aliniingiza bila kuniuliza na ambamo sijawahi kuandika neno. Mzee Kioko wa Makindu amelala. Chini yake zikafuata picha za mikono iliyokunjwa na maneno yale yale: mwendo ameumaliza, baba yetu sote, nguzo ya kanisa. Nilisoma zote, moja baada ya nyingine. Ningependa kusema kwamba nilimsamehe pale pale, maana nimekula chumvi nyingi na sina sababu ya kubeba mizigo, lakini huo ungekuwa uongo. Nilichohisi ni hasira, tena hasira ya msichana wa miaka ishirini, imekaa mahali pake bila kuchakaa. Usiku sikulala vizuri, na asubuhi niliamua kwamba nitakwenda kwenye mazishi.

Nilifanya kazi katika duka la Kioko mwaka mmoja tu. Lilikuwa kando ya barabara ya Mombasa pale Makindu, chumba kimoja kirefu chenye rafu za santuri upande wa kushoto na redio zilizofunguliwa matumbo upande wa kulia, kwa kuwa alikuwa pia fundi wa redio. Barazani kulikuwa na spika mbili za mbao zilizotazama barabara. Madereva wa malori walisimama kunywa chai, wakasikia wimbo, wakaingia kuuliza jina lake. Katikati ya duka, juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa, ilikaa mashine yenyewe. Ilikuwa nzito, ya chuma cha kijivu, na Kioko aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa kabla yake. Saa moja asubuhi aliiwasha, akaacha sahani inayobeba santuri izunguke tupu, kisha akaweka kiganja ubavuni mwake na kusikiliza, kama mama anavyompima mtoto joto. Mpaka saa moja u nusu hakukuwa na wimbo, hata mteja angekuja na pesa mkononi.

Alinieleza sababu siku yangu ya kwanza, na alieleza kwa uvumilivu ambao sikuwahi kuupata kwa mwalimu yeyote. Ndani ya mashine mna grisi, alisema, na grisi ikilala kwenye baridi inaganda. Mota inavuta lakini sahani inakuwa nzito, kwa hiyo wimbo unatoka polepole na sauti inashuka. Kwa kuwa sikuamini, alinichezea santuri moja mashine ikiwa baridi. Gita lilijikokota, na mwimbaji akasikika mwenye mafua. Kisha, taratibu, kadiri sahani ilivyoendelea kuzunguka, sauti ikapanda, na kufikia ubeti wa mwisho ilikuwa imekaa mahali pake. Alinitazama akitabasamu. "Umesikia? Sauti ya asubuhi ni ya uongo," akasema. "Ukitaka ukweli, wacha ipate moto kwanza." Nilimwamini kwa sababu nilisikia kwa masikio yangu, na baada ya hapo nilimwamini pia katika mambo ambayo sikuwa nimeyasikia.

Nilimwita Baba. Hakuniomba, jina lilikuja lenyewe. Mkewe alituletea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, saa saba katika bakuli lenye kifuniko, na yeye alinitilia kwanza kabla ya kujitilia, maharagwe mengi upande wangu. Siku mkewe alipokuwa shambani tulivuka barabara tukala kwenye hekalu la Kalasinga pamoja na wasafiri wanaolishwa huko bure, chapati na dengu na chai yenye sukari kupita kiasi, na Kioko aliosha sahani yake na yangu bila kuona haya. Kalondu alikula nasi mara nyingi. Alikuwa rika langu, msichana aliyepewa chumba nyuma ya duka ili afagie na kulinda, na jioni tulikaa kwenye kitanda chake tukishonana nywele na kuwasema watu. Sote watatu tulikuwa kanisa moja, pale mtaani. Kioko alikuwa mzee wa kanisa, na ndiye aliyetoa spika za kanisani. Mimi niliimba sehemu ya kuongoza katika kwaya. Kalondu aliimba sauti ya pili, na mara nyingi aliniambia kwamba akifumba macho anaweza kuimba yangu yote bila kukosea. Nilichukulia kuwa ni sifa.

Mwaka huo kwaya yetu ilirekodi santuri. Leo mtu anarekodi jikoni kwake kabla uji haujachemka, kwa hiyo sijui kama nitaeleweka. Tulijiandaa miezi minane. Tulikwenda Nairobi tukiwa watu ishirini, tukaimba mara tatu katika chumba kilichobandikwa magunia ukutani, na mwezi wa saba wakatutumia santuri moja ya mfano ili tuisikilize na kuikubali kabla nyingine hazijatengenezwa. Mwalimu Nzioka, kiongozi wetu wa kwaya, mtu mkali aliyefunga vifungo vyote vya shati hadi shingoni, alinikabidhi mimi mbele ya kwaya nzima, kwa kuwa ndimi niliyekuwa karibu na mashine. Alinitaka niahidi mambo mawili: kwamba nitaikagua kama ina mikwaruzo, na kwamba haitatoka mkononi mwangu hata dakika moja mpaka siku ya kuiweka wakfu. Niliahidi. Nilikuwa nimejaa fahari kiasi kwamba nilitembea nayo hadi chumba nilichopanga nikiwa nimeikumbatia kifuani chini ya sweta.

Kesho yake niliwahi dukani. Ilikuwa ile baridi ya mwezi wa saba ambayo watu wa Nairobi hawaamini kwamba inafika Makindu, yenye mawingu mazito na upepo unaokausha mdomo. Kioko alikuwa ndiyo kwanza anafungua mlango. Nilimwonyesha santuri, akaipokea kwa ncha za vidole, akasoma jina la kwaya na jina la wimbo, akanipongeza. Nilitaka tuicheze hapo hapo. Alitikisa kichwa. "Mashine bado baridi, Ndunge. Mara ya kwanza kusikia sauti yako, usiisikie ikiwa mbaya. Enda ukunywe chai, urudi baada ya nusu saa." Alisema kweli, ndiye aliyenifundisha. Nikaiacha mezani, juu ya kitambaa cha kufumwa, nikavuka barabara. Nilikunywa chai na mandazi mawili, nikihesabu dakika. Niliporudi mashine ilikuwa ya moto, alinivutia kiti, akaiweka sindano kwa mkono wake, na nikasikia sauti yangu ikitoka barazani hadi barabarani. Nililia. Naye alifuta macho kwa mgongo wa mkono, na mpaka leo sijui yale machozi aliyatoa wapi.

Mwezi wa nane nilikwenda nyumbani Zombe siku chache. Siku ya soko nilikuwa nimesimama kwa mwanamke anayepima kunde, na jirani yake mwanamume mmoja aliuza beseni na kaseti, redio yake imewekwa juu ya kreti. Kaseti zilikuwa ndiyo kwanza zinaenea, na kila aliyekuwa na redio ya kaseti alijiona mtu wa maana. Akabadilisha kaseti moja, akaweka nyingine, na gita la kwaya yetu likaanza. Mwanzoni sikuamini, kwa sababu halikuwa sawa. Lilijikokota. Nikasikia mwanamke akiingia kuimba kwa sauti nzito, ya mtu aliyeamka na homa, na ilinichukua mstari mzima kutambua kwamba mwanamke huyo ni mimi. Nikasimama pale na kikapu. Ubeti wa pili sauti ikaanza kupanda. Ubeti wa tatu ikawa sauti yangu kabisa, safi, mahali pake. Muuza beseni aliniuliza kama nataka moja, akasema zinauzwa sana, amezichukua kwa mtu wa Malili na huko zinachezwa kwenye baa zote.

Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Santuri zetu zilikuwa bado hazijatoka Nairobi. Na mashine ya kiwandani haiwezi kuanza wimbo kwa mafua na kuumaliza ikiwa imepona. Kulikuwa na mashine moja ninayoijua yenye ugonjwa huo, na asubuhi moja tu ambapo santuri ile ilikaa nayo ikiwa baridi, mimi nikiwa ng'ambo ya barabara na mandazi yangu. Kioko aliogopa kwamba ningewahi kurudi, akainakili kwenye kaseti kabla mashine haijapata moto. Mtu aliyetufundisha sote kusubiri alishindwa kusubiri. Nilijaribu kumtafutia sababu nyingine. Kwenye lori nikirudi Makindu niliigeuza akilini kila upande, nikitamani nipate kosa katika hesabu yangu, lakini niliiona kama ilivyo: alinituma chai ili aniibie.

Nilipofika Makindu habari ilikuwa imenitangulia. Dereva mmoja muumini alikuwa amesikia wimbo wa kuabudu ukichezwa baa huko Malili, watu wakiusakata na chupa mkononi, na kwa kanisa letu hilo lilikuwa jambo la kuliliwa. Wazee waliniita Jumatano katika chumba kidogo kilicho nyuma ya mimbari, chumba kilichonuka mafuta ya taa na vitabu vya nyimbo vilivyoliwa na mchwa. Mwalimu Nzioka aliniuliza kama santuri ilitoka mkononi mwangu. Nikakubali kwamba ilitoka, nusu saa, na nikasema niliiacha kwa nani. Kioko alikuwa amekaa pale pale, mzee miongoni mwa wazee. Hakukasirika. Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Mimi huyu nampenda kama wangu," akasema. "Sikutaka kusema. Lakini mwezi wa saba aliniomba kaseti mbili tupu. Nikampa, sikumuuliza ni za nini."

Nimesikia maneno mengi mabaya tangu siku hiyo, mengine kwa mume wangu, Mungu amrehemu, lakini hakuna yaliyonifikia pale yalipofika hayo. Aliyasema kwa upole, kwa sauti ile ile aliyonieleza habari ya grisi. Nikawaeleza wazee kuhusu sauti inayojikokota na inayopanda, nikawaambia wazi kwamba hiyo ndiyo alama ya mashine yake ikiwa baridi, na ndipo nilipofanya kosa ambalo nimejilaumu kwalo zaidi ya lile la kwanza. Nikasema, mbele yake: njooni dukani Jumamosi saa moja asubuhi kabla haijapata moto, niicheze santuri ya mfano, mtasikia wenyewe. Mwalimu Nzioka akamgeukia Kioko. Kioko akasema waje tu, mlango uko wazi.

Jumamosi walikuja wanne, wamevaa makoti. Baridi ilikuwa ile ile. Nikaitoa santuri kwenye mfuko wake, nikaiweka juu ya sahani, nikashusha sindano mwenyewe. Gita likaanza mbio zake za kawaida, na sauti yangu ikaingia nyembamba na safi tangu neno la kwanza. Haikujikokota hata kidogo. Nikaweka kiganja ubavuni mwa mashine. Ilikuwa ya moto, ya moto kweli, joto la mashine iliyowashwa saa mbili nzima. Nikawaambia, "Ishikeni. Ilikuwa imewashwa tangu alfajiri." Mzee mmoja akaishika, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Lakini si hivyo ndivyo anafanyanga kila siku? Si lazima ipate moto ndio iimbe vizuri?" Wengine wakaitikia kwa vichwa. Wote walijua hilo. Kioko alikuwa amewafundisha kama alivyonifundisha mimi. Nilimtafuta Kalondu kwa macho, maana alikuwa amesimama mlangoni na ufagio, nikamwambia awaeleze mashine huwaje ikiwa baridi. Akasema yeye kazi yake ni kufagia, mambo ya mashine hayajui.

Wakaniondoa kwenye kwaya na kwenye Meza ya Bwana, nikaketi benchi la nyuma pamoja na walevi waliotubu na wasichana waliopata mimba. Siku ya kuweka wakfu santuri, Kalondu alisimama mahali pangu. Watu wachache sana walinunua, kwa kuwa kila mtu alikuwa tayari na wimbo, na lawama ya hilo pia ikaniangukia. Nilivumilia mpaka Krismasi nikahama. Nilipata kazi kwenye stoo ya nafaka Kitui, nikaolewa, nikazaa, nikazeeka, na sikuimba tena mbele ya watu, hata kwenye harusi ya binti yangu. Watu wa Zombe wanajua kwamba mimi si mtu wa kuimba. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuenda kanisa lingine nikaanza upya. Nadhani kila nilipofungua mdomo nilisikia yule mwanamke wa sokoni mwenye homa, nikaufunga. Kosa la wizi ningelisahau. Kaseti zingekuja tu, na Kioko alikuwa ameona biashara yake inakufa. Kilichonimaliza ni kwamba alichukua kitu cha kweli alichonifundisha mwenyewe, akakitumia kunifanya mwongo.

Mazishi yalikuwa Jumamosi iliyopita, nyumbani kwake, mwendo mfupi kutoka mjini. Hema zilikuwa nyingi, pilau ilikuwa nzuri, na watoto wake walikuwa watu wazima wenye heshima ambao hawakunijua. Niliketi pembeni. Kalondu alinitafuta, amenenepa, anatembea kwa mkongojo, akaketi karibu nami na sahani yake, na tukazungumza kidogo juu ya magoti na sukari. Kisha akaacha kula.

"Ndunge, kuna kitu," akasema. "Ile Jumamosi. Ni mimi niliwasha ile mashine. Aliniambia nikiamka saa kumi na moja niiwashe, nikaiwasha."

Miaka yote hii akilini nilimwona Kioko akitoka kwake gizani na tochi kwenda kuiwasha. Nilikuwa nimemlaani yeye na hata tochi yake. Nikamuuliza kama alijua ni ya nini.

"Nilijua. Lakini nilikuwa nalala kwake, ningeenda wapi?" Akatazama sahani yake. "Na ile sehemu yako nilikuwa naitaka. Hiyo sitakuficha."

Sijui alitarajia nini. Labda alidhani nitamshika mkono, maana sisi ni wazee na marehemu alikuwa hatua chache kutoka tulipokaa. Aliniambia ameombea jambo hilo miaka mingi na sasa moyo wake umepata nafasi. Nilimwambia nimefurahi kwa ajili ya moyo wake. Nikamwonyesha wanakwaya wa zamani waliokuwa wamekaa safu ya mbele, sita au saba waliobaki, na Mwalimu Nzioka katikati yao kwenye kiti cha magurudumu, vifungo vyote vimefungwa, na nikamwambia kwamba aliyefaa kuambiwa ni yeye, kwa sababu mimi sikuwahi kuwa na shaka kwamba si mimi niliyeuza ule wimbo. Nilimwambia aende amwambie sasa, kabla naye hajafa. Haingechukua hata dakika mbili.

"Leo?" akasema. "Mbele ya watoto wa marehemu? Leo si siku ya mambo hayo, Ndunge."

Mshereheshaji akaita kwaya ya zamani ije imuage mzee kwa wimbo alioupenda, ule wa santuri yetu. Kalondu akaniwekea sahani yake mapajani, akajiinua kwa mkongojo, akanigusa bega. Alipita mbele ya kiti cha Mwalimu Nzioka bila kusimama. Alikabidhiwa maiki, akafumba macho, na akaimba sehemu yangu yote bila kukosea.